Mwenye Jina Hakupiga: Kufuata Kiti cha Dramu Kwenye Bendi za Seattle

Bleach, albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Nirvana, ilitoka Juni 1989. Jaladani wapo vijana wanne, nywele zimewafunika nyuso, na jina la Jason Everman limeandikwa kuwa mmoja wa wapiga gitaa. Sasa isikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Gitaa la Everman halimo, hata mguso mmoja. Kilichomo ni pesa zake. Kurekodi kuligharimu dola 606.17, wenzake hawakuwa nazo, yeye akazitoa mfukoni, nao wakamwandika. Halafu kwenye Floyd the Barber na Paper Cuts, nyimbo za albamu hiyohiyo, anayepiga dramu ni Dale Crover wa bendi ya Melvins. Chad Channing, ambaye ndiye mpiga dramu wa jaladani, alikuwa bado hajafika siku zile nyimbo hizo ziliporekodiwa.

Njoo kwenye Nevermind, Septemba 1991, albamu iliyowafanya wajulikane dunia nzima. Hapo mpiga dramu ni Dave Grohl. Lakini matoazi unayoyasikia kwenye Polly ni ya Channing, kwa sababu wimbo huo ulirekodiwa Aprili 1990 huko Madison, Wisconsin, miezi kadhaa kabla Grohl hajajiunga na bendi. Na mapigo ya In Bloom, yale yanayoingia kama mlango unaopigwa teke, Grohl aliyapiga kwa kufuata alivyoyatunga Channing. Mwenye jina hakupiga, na aliyepiga hana jina.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu wapenzi wengi wa roki mbadala ya Marekani hukwama papo hapo. Wanasoma historia ya bendi, wanakutana na orodha ya majina kumi na miaka yake, fulani aliingia, fulani alitoka, fulani alirudi, na kichwa kinawauma. Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa kwa miaka. Njia iliyonisaidia ni moja: niliacha kuhesabu bendi, nikachagua kiti kimoja tu, kile cha nyuma ya dramu, nikafuata nani alikikalia, nani alikiacha, na alikokwenda. Ukifanya hivyo unagundua kwamba zile zinazoitwa bendi nne au tano za Seattle kwa kweli zilikuwa kama ukoo mmoja wenye nyumba kadhaa, watu wakihama chumba hadi chumba.

Kwa nini kiti cha dramu? Gitaa la umeme unaweza kulifanyia mazoezi chumbani bila kulichomeka, na mwimbaji anahitaji koo tu. Dramu zinataka nafasi, zinataka gari la kuzibeba, na zinataka majirani wavumilivu. Kwa hiyo katika mji wowote wapiga gitaa huwa wengi na wapiga dramu wazuri wachache, na wachache hao huazimwa. Seattle ya miaka ya 1980 ilikuwa mbali na Los Angeles na New York, kampuni kubwa za muziki hazikuwa na haja ya kuipitia, kumbi zilikuwa za kuhesabika, na fundi mmoja, Jack Endino wa studio ya Reciprocal, ndiye aliyerekodi sehemu kubwa ya kilichotoka. Kila mtu alimjua mwenzake.

Soundgarden, kwa mfano, ilianza 1984 ikiwa na watu watatu: Kim Thayil kwenye gitaa, Hiro Yamamoto kwenye besi, na Chris Cornell ambaye aliimba huku akipiga dramu. Ndiyo, sauti ile ambayo baadaye ilitajwa miongoni mwa sauti kubwa za roki ilikuwa inatokea nyuma ya dramu. Walipomtafuta mtu wa kukalia kiti ili Cornell asimame mbele, alikuja kwanza Scott Sundquist, na mwaka 1986 akaja Matt Cameron. Lishike jina la Cameron, tutakutana nalo tena na tena.

Mwaka huohuo wa 1984 ilianzishwa Green River. Humo alikuwemo Mark Arm aliyeimba, Steve Turner na Stone Gossard kwenye magitaa, Jeff Ament kwenye besi, na Alex Vincent kwenye dramu. Turner alitoka mapema, nafasi yake akaichukua Bruce Fairweather. Ugomvi wa ndani ulikuwa juu ya jambo ambalo kila bendi changa inalijua: tunataka nini? Arm alitaka muziki ubaki mchafu na huru. Ament na Gossard walitaka kuishi kwa muziki, wasainiwe na kampuni kubwa. Oktoba 1987 walipiga Los Angeles, na nafasi za wageni wa bure kwenye orodha ya mlangoni zikajazwa majina ya watu wa kampuni za kurekodi badala ya marafiki. Mwisho wa mwezi huo bendi ikavunjika. Mimi sioni aliyekosea hapo. Mtu anayetaka kulipa kodi ya nyumba kwa gitaa lake hana dhambi, na asiyetaka kuambiwa apige nini naye hana.

Walipogawana mbao, kila kundi lilikwenda na wazo lake. Arm alirudiana na Turner, wakamchukua Matt Lukin aliyekuwa besi wa Melvins pamoja na Dan Peters kwenye dramu, na Mudhoney ikazaliwa 1988. Gossard, Ament na Fairweather walimpata mwimbaji Andrew Wood, kijana aliyekuwa akipanda jukwaani kama mfalme hata pale ukumbini palipokuwa na watu ishirini, na mpiga dramu Greg Gilmore. Hao wakawa Mother Love Bone. Walipata mkataba waliokuwa wakiutafuta. Albamu yao ilikuwa tayari, imebaki kutoka tu, Wood alipofariki tarehe 19 Machi 1990 baada ya kuzidisha heroini. Alikuwa na miaka 24.

Ndicho kifo kilichoumba safu zote zilizofuata.

Wood alikuwa amewahi kuishi nyumba moja na Cornell. Cornell aliandika nyimbo za kumlilia rafiki yake, akaona haziwezi kuwa za Soundgarden, akawaita waliobaki wa Mother Love Bone wazirekodi pamoja. Wakakusanyika Gossard na Ament, mpiga solo mgeni Mike McCready, na kwenye dramu yule Matt Cameron. Kazi hiyo wakaipa jina Temple of the Dog. Ilitoka Aprili 1991, ikapita kimya, na mwaka uliofuata, majina ya wahusika yalipokuwa yamevuma, ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Watu huiorodhesha kama bendi. Mimi naiona zaidi kama matanga yaliyorekodiwa.

Wakati huohuo Gossard na McCready walikuwa na vibao vyao visivyo na maneno. Walivirekodi, na aliyewapigia dramu ni Cameron tena, kwa kuwasaidia tu. Wakawa na kaseti, lakini hawana mwimbaji wala mpiga dramu wa kudumu. Kaseti hiyo wakampa Jack Irons.

Hapa lazima twende Los Angeles kidogo, maana bila kumjua Irons mambo hayaeleweki. Irons, Flea, Anthony Kiedis na Hillel Slovak walisoma pamoja Fairfax High School, na ndio walioanzisha Red Hot Chili Peppers mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini ukiichukua albamu ya kwanza ya bendi hiyo, ya 1984, Irons na Slovak hawamo. Sababu ni karatasi: wawili hao walikuwa na bendi nyingine, What Is This, ambayo nayo ilikuwa imesaini mkataba, kwa hiyo albamu ikapigwa na Jack Sherman kwenye gitaa na Cliff Martinez kwenye dramu. Waanzilishi wote wanne walikuja kurekodi albamu moja tu wakiwa pamoja, The Uplift Mofo Party Plan ya 1987. Tarehe 25 Juni 1988 Slovak akafariki, naye pia kwa heroini, na Irons akabwaga manyanga. Hakutaka kuwa ndani ya kitu ambacho marafiki zake wanakifia. Bendi ikaendelea bila yeye, ikampata John Frusciante wa miaka 18 pamoja na Chad Smith, na yaliyofuata yanafahamika.

Basi Irons huyu, aliyewahi kumzika mwenzake, ndiye vijana wa Seattle waliomfuata wakiwa nao wametoka kumzika wa kwao. Walimwomba mambo mawili: aje akalie kiti cha dramu, na kama anamfahamu mwimbaji awaunganishe. La kwanza alilikataa. La pili alilitimiza, akampa kaseti kijana wa San Diego aliyekuwa akicheza naye mpira wa kikapu, Eddie Vedder, mfanyakazi wa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Vedder aliisikiliza usiku, asubuhi akaenda kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, maneno yakamjia humo majini, akarudi nyumbani na kuyarekodi kabla hayajamtoka. Nyimbo tatu, na mmojawapo ni Alive. Kaseti ikarudi Seattle ikiwa na sauti. Oktoba 1990 Vedder mwenyewe akaifuata, na tarehe 22 ya mwezi huo wakapanda jukwaani Off Ramp Café kwa mara ya kwanza. Walijiita Mookie Blaylock, jina la mchezaji wa kikapu wa New Jersey Nets. Baadaye wakajiita Pearl Jam, na albamu yao ya kwanza wakaipa jina Ten kwa heshima ya namba ya jezi ya mchezaji yule.

Kiti chao cha dramu ndicho kisa chenyewe. Aliyepiga Ten ni Dave Krusen, ambaye Mei 1991, albamu imesharekodiwa lakini haijatoka, alikwenda kutibiwa ulevi. Akaja Matt Chamberlain, anayeonekana kwenye video ya Alive, akakaa wiki chache kisha akaondoka kwenda kupiga kwenye bendi ya kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live. Yeye ndiye aliyempendekeza Dave Abbruzzese. Abbruzzese alipiga miaka mitatu ya moto kabisa: ziara ndefu, kisha albamu ya Vs. ya 1993 iliyouza zaidi ya nakala 950,000 ndani ya wiki ya kwanza, rekodi ya Marekani kwa wakati ule. Agosti 1994 akafukuzwa. Wenzake walikuwa wanaukimbia umaarufu, wanapigana na Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, juu ya bei. Yeye hakuona ubaya wa kuufurahia umaarufu. Hakuna aliyesema hajui kupiga.

Na ni nani aliyekuja kukaa baada yake? Jack Irons. Kiti alichokikataa 1990 alikikubali 1994, akapiga hadi 1998, ziara zikamwelemea kiafya, akatoka. Soundgarden ilikuwa imevunjika Aprili 1997, kwa hiyo Matt Cameron alikuwa huru. Wakampigia simu awasaidie ziara moja. Alikaa miaka 27. Mtu aliyepiga dramu kwenye kaseti ya mwanzo kabisa, kabla hata ya kuwepo mwimbaji wala jina la bendi, ndiye aliyekuja kukaa muda mrefu kuliko wote, hadi alipotangaza kuondoka Julai 2025. Soundgarden iliporudi 2010 alipiga bendi zote mbili, na hilo halikuwa usaliti kwa yeyote, maana nyumba ni za ukoo mmoja.

Kwa Nirvana mambo yalikwenda vilevile ila kwa kasi. Kabla ya Channing walipita watu kadhaa. Channing alipoondoka 1990, walimwazima Dan Peters wa Mudhoney. Alirekodi nao wimbo mmoja, Sliver, na kupiga onesho moja tu, tarehe 22 Septemba 1990. Grohl alikuwepo miongoni mwa watazamaji. Bendi yake ya Washington, D.C., Scream, ilikuwa imesambaratika katikati ya ziara baada ya mpiga besi kuondoka, na Buzz Osborne wa Melvins ndiye aliyemwelekeza kwa Nirvana. Siku chache baadaye kiti kikawa chake.

Everman je? Alitoka Nirvana 1989, akapiga besi Soundgarden kwa muda mfupi Yamamoto alipoondoka, huko nako akaachwa, nafasi ikaenda kwa Ben Shepherd. Kwa hiyo alikuwa ndani ya bendi mbili kubwa za mji ule kabla hazijawa kubwa, na zote mbili zikamtoa. Aliishia kujiunga na jeshi la Marekani, akawa askari wa vikosi maalumu, akapigana Afghanistan na Iraq, kisha akasoma falsafa Chuo Kikuu cha Columbia. Kila nikiliona jina lake kwenye jalada la Bleach huwa nafurahi kwamba liko pale.

Sasa, jambo ambalo orodha za majina hazielezi ni fedha, na bila fedha huwezi kuelewa kwa nini kiti kimoja kinabadilika hivyo huku mwimbaji akibaki yuleyule. Wimbo una mapato ya aina mbili tofauti. Kuna yanayotokana na rekodi, ambayo waliopiga hugawana kadiri ya mkataba wao. Na kuna yanayotokana na utunzi, yanayokwenda kwa walioandikwa kuwa watunzi, miaka na miaka, kila wimbo unapochezwa redioni au kuimbwa upya na mwingine. Kwa desturi, utunzi maana yake ni maneno na melodia. Mpiga dramu anaweza kuubuni mdundo unaoufanya wimbo ujulikane kwa sekunde mbili na bado asiandikwe popote. Mwaka 1992, Nevermind ikiwa juu, Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliwataka wenzake wakubali mgawanyo mpya: asilimia 90 ya utunzi wa muziki na maneno yote kuwa yake, kuanzia siku albamu ilipotoka. Walikubali, lakini bendi ilikaribia kuvunjika.

R.E.M. wa Athens, Georgia, walichagua njia nyingine. Nyimbo zao waliziandika majina yote manne, Berry, Buck, Mills na Stipe, kwa kufuata alfabeti, bila kujali nani alileta nini. Safu yao haikutikisika kwa zaidi ya miaka 15. Bill Berry, mpiga dramu, alipasuka mshipa wa damu kichwani akiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, Machi 1995, akapona, na 1997 akaomba kuacha ili akalime shambani kwake. Aliwaambia kama kuondoka kwake kutaua bendi, basi atabaki. Wakamwachia, wakaendelea watatu hadi 2011, na hawakumpa mtu mwingine uanachama kamili. Wapiga dramu waliofuata walikuwa waajiriwa. Naamini mgawanyo ule sawa ndio uliomfanya mtu aage namna hiyo. Asiye na sehemu hatoki kwa kuomba ruhusa.

Upande mwingine kabisa yupo Trent Reznor wa Nine Inch Nails, ambaye tangu 1988 hadi 2016, alipomwongeza Atticus Ross, alikuwa mwanachama rasmi peke yake. Wengine wote ni wa kwenye jukwaa. Na yupo Grohl, ambaye baada ya kifo cha Cobain aliingia studio Oktoba 1994, akarekodi albamu nzima ya kwanza ya Foo Fighters kwa muda wa wiki moja hivi, vyombo karibu vyote mwenyewe, ndipo akatafuta watu. Aliyempa dramu, William Goldsmith wa Sunny Day Real Estate, aliondoka 1997 baada ya kugundua kwamba bosi ameyarudia mwenyewe mapigo yake karibu yote kwenye albamu ya pili. Kukaa kiti hicho mbele ya mtu ambaye ni mmoja wa wapiga dramu wakubwa wa kizazi chake si kazi ndogo, na Taylor Hawkins aliyeiweza kwa miaka 25, hadi alipofariki Bogotá Machi 2022, alistahili kila sifa aliyopewa.

Mwaka 2014 Nirvana waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Walioandikwa ni Cobain, mpiga besi Krist Novoselic na Grohl. Channing hakuwemo, ila alikuwepo ukumbini, na Grohl alipopewa kipaza sauti alimtaja kwa jina na kuwaambia watu kwamba baadhi ya mapigo wanayoyapenda kwenye Nevermind ni ya yule bwana aliyeketi pale.

Zamu ya Pearl Jam ilifika Aprili 2017, Brooklyn. Walioandikwa walikuwa sita: watano wa wakati huo, Cameron akiwa mmoja wao, na Dave Krusen. Abbruzzese aliachwa, na kwangu hilo lilikuwa kosa, aliyepiga Vs. hawezi kuwa mpita njia. Usiku ule walipofika kwenye Alive, Cameron aliinuka. Krusen, ambaye alikuwa ameondoka kabla Ten haijafika madukani, akaketi kwenye kiti, akashika fimbo, akaupiga wimbo wenyewe.